Shangazi wa Uzi Mwekundu

Dada yangu alikaa duniani miezi miwili bila jina. Si kwamba majina yalikuwa yameadimika Dodoma; hata mbuzi wa askari wa boma alikuwa na jina, tena la Kidachi. Tatizo lilikuwa Bibi, mama yake baba, na Bibi akishika jambo, gari la moshi lenyewe lingesimama limpishe.

Kwetu sisi, watu tuliotoka Kachi ng'ambo ya bahari, mtoto hapewi jina na baba wala mama. Jina hutolewa na shangazi, dada yake baba. Mtoto hulazwa ndani ya shuka pamoja na jani la mti wetu mtakatifu, watoto wanne wakashika pembe nne na kumbembeza, kisha shangazi huinama, akalitia jina sikioni, ndipo akalitangaza. Baba yangu ana dada mmoja tu, naye alikuwa akikaa Unguja. Basi tukamngoja.

Katika kumngoja huko, mtoto aliitwa Huyu. Huyu amelala. Huyu amejikojolea. Mimi niliona haya kumwita dada yangu kama mzigo uliosahauliwa stesheni, nikawa nampa jina jipya kila asubuhi: Kiroboto, Gunia la Chumvi, Kengele. Siku niliyomwita Bwana Shauri, kama mkubwa wa boma, kwa kuwa akipiga kelele kila mtu anakimbia kutii, Mama alicheka hadi unga ukamwagika, na Bibi akanirushia mtalawanda wake, kiatu cha mti. Ulinipata. Bibi ana umri mkubwa, lakini shabaha yake ni ya askari.

Lakini hadithi hii haianzi na mtoto. Inaanza na uzi, na uzi, kwa bahati mbaya, ni kazi yangu mimi.

Kuna siku moja katika mwaka ambapo dada humfunga kaka yake uzi mkononi, na kaka humpa dada zawadi. Tangu hapo kaka amejifunga kumlinda, na dada amejifunga kumwombea. Siku hiyo huangukia mwezi ule wa upepo, wakati vumbi la Dodoma linaingia hata ndani ya yai. Kila mwaka shangazi alituma uzi wake kwa barua. Mwaka ule haukuja. Bibi akakaa jikoni akilalamika kwamba mkono wa mwanawe uko mtupu kama mti wa kiangazi. Mimi pia mkono wangu ulikuwa mtupu, maana wakati ule sikuwa na dada, lakini mimi nani alinililia?

Hapo ndipo shetani wangu wa siku zote akaamka. Mwalimu wetu, mtu wa Pwani mwenye kanzu safi na fimbo isiyopumzika, huniambia, "Utani ni chumvi, mwanangu. Wewe watia gunia." Asubuhi ile nilitia gunia.

Kila siku alikuja nyumbani mama mmoja wa Kigogo kutoka upande wa Nzuguni, akileta maziwa ndani ya kibuyu. Hakuwahi kuvuka kizingiti cha jiko letu, Bibi hakuruhusu. Yeye alisimama nje, akamimina kutoka juu, Mama akakinga chungu kwa ndani. Siku ile nilimwahi uani.

"Mbukwenyi," akanisalimu kwa salamu yao.

"Mbukwa, mama. Baba anaumwa."

"Anaumwa nini?"

"Mkono wa kulia. Kwetu dawa yake ni uzi mwekundu, ila lazima ufungwe na mwanamke ambaye ng'ombe wake wamezaa salama mwaka huu."

Nilijua ng'ombe wake wamezaa salama. Wiki nzima alikuwa akituhesabia ndama kama vile amewazaa yeye.

"Mbona hamkusema mapema?" Akatua kibuyu, akauchukua uzi niliokuwa nimeuchomoa dukani, akazunguka nyumba hadi dukani.

Duka letu liko karibu na reli, na lilikuwa na watu: wapagazi wawili na askari mmoja aliyekuja kununua tumbaku. Mimi nikajificha nyuma ya magunia. Mama wa maziwa hakubisha hodi. Alimshika Baba mkono wa kulia, akaufunga uzi kwa fundo lile la kufungia ndama, fundo ambalo hata ndama mwenye hasira hafungui, akaupulizia pumzi mara tatu.

"Utapona, kaka," akasema.

Baba alisimama na mkasi katika mkono wa kushoto. Akatazama uzi. Akatazama juu ya kichwa cha yule mama, akaliona sikio langu likichungulia nyuma ya magunia. Nilingoja aukate ule uzi, tucheke, yaishe. Hakuukata. Aliweka mkasi chini, akavuta kaniki mpya, akaipima kwa mkono mrefu kuliko mkono wake wa siku zote, akakata, akampa kwa mikono miwili.

"Asante, dada."

"Lo!" askari akaangua kicheko. "Muhindi leo anagawa bure! Jamani, jua limetokea wapi?"

Watu walipokwisha kutoka, Baba alinishika sikio lile lile lililonisaliti.

"Umecheza na kitu kisichochezewa."

"Nilitania tu, Baba."

"Wewe umetania. Mimi nimeshafungwa."

Mchana, tukiwa tunakula, Bibi akauona uzi. Uso wake ukafunguka. "Uzi wa binti yangu umefika!" Baba akafungua kinywa aseme ukweli. Bibi alikuwa tayari ameushika mkono wake, ameugusisha kwenye macho yake mawili, machozi yanamtoka. Baba akafunga kinywa. Mimi nikaisoma dengu iliyokuwa sahanini mwangu kama kitabu cha mtihani. Na Mama, ambaye tumbo lake lilikuwa limemtangulia kama ngoma, na ambaye aliyaona yote ya dukani kupitia mlango wa nyuma, akajifunika mdomo kwa upindo wa sari.

Bibi akasema, na maneno haya nayaandika kama yalivyotoka: "Mkono uliofunga uzi huu, huo huo ndio utakaompa jina mtoto anayekuja."

Haya. Mtoto akaja mvua zilipoanza, wa kike, mwenye mapafu ya mnadi. Tukamngoja shangazi. Kwanza alikuwa anakuja. Kisha akaogopa gari la moshi, maana ameambiwa linapita katikati ya simba. Kisha, mwezi wa pili wa Huyu, ikaja barua. Baba aliisoma akiwa amesimama. Shangazi na mumewe wamekwisha kupanda meli kwenda Kachi, baba mkwe ni mgonjwa, hawajui watarudi lini. Mleteni mtoto huko Kachi, aliandika, nimpe jina.

"Alhamisi tunaondoka," Bibi akasema. "Mimi, mama mtoto, na mtoto. Mtoto asiye na jina hana kwao."

"Mama, tusiharakishe..."

"Hana kwao!"

Nani hajui safari hizo? Mke wa fundi cherehani, jirani yetu, alikwenda kwao kwa arusi moja tu. Huu mwaka wa tano. Fundi siku hizi anazungumza na cherehani yake, na nasikia inamjibu. Nilimtazama Baba nikaona tayari anafanana na fundi. Mimi na yeye tungebaki peke yetu na chapati zake, ambazo nilizionja mara moja Mama alipokuwa mgonjwa: moja ilianguka sakafuni, paka akaruka akidhani ni kigae.

Mama hakubishana. Alipanga masanduku. Nilimwona akifunga mbegu za bilingani zake kwenye kitambaa, kisha akazifungua, kisha akazifunga tena. Nyuma ya jiko alikuwa na siri nyingine: mama wa maziwa alimletea mlenda, na Mama aliula kwa chapati, akilamba vidole, Bibi akiwa kwenye sala. Jumanne alikula hadi bakuli likawa jeupe.

"Huko nani ataniletea mlenda?" akaniuliza.

Hakuwa analia. Ingekuwa afadhali angelia, ningepata la kumtania.

Hapo nikaanza kuhesabu. Ukweli ningeweza kuusema. Lakini Baba angeonekana amemdanganya mama yake miezi yote hiyo, na Bibi angeweza kusema uzi ule ni takataka, na safari ikabaki pale pale. Baba naye aliumeza ukweli, kwa aibu. Siku tatu tulikuwa tunapishana mlangoni kama wezi wawili walioiba kuku mmoja.

Jumatano asubuhi, mvua ikinyesha, mama wa maziwa akasimama nje ya kizingiti na kibuyu chake, kaniki ile ile kichwani kwa ajili ya mvua. Masanduku yalikuwa yamefungwa kamba. Nikamwendea Bibi, nikachuchumaa miguuni pake, nikasema yote. Uzi. Uongo wa mkono kuuma. Ndama. Sikio. Sikutia chumvi hata punje.

Bibi hakunipiga. Hilo lilinitisha zaidi.

"Mwite baba yako."

Baba akaja. Bila kuambiwa akapandisha mkono wa kanzu. Uzi ulikuwepo bado, umepauka, fundo la ndama halijalegea hata kidogo.

"Kwa nini hukusema?" Bibi akamwuliza.

"Ulifurahi, Mama."

Bibi akageukia mlango. Nikajisogeza kutafsiri, maana Kiswahili cha Bibi kina miguu mitatu kati ya minne, lakini akaninyamazisha kwa kidole. "Wewe, hapana. Wewe tia chumvi." Akamwambia mama wa maziwa mwenyewe: "Wewe funga uzi mwanangu?"

"Nilimfunga. Huyu mjukuu wako alisema ni dawa." Akamtazama Baba. "Mkono umepona, kaka?"

"Umepona," Baba akasema kwa sauti ndogo.

"Yeye pa wewe nini?"

Mama wa maziwa akaishika kaniki kichwani. "Hii."

"Wewe fikiri ya nini?"

"Ee, bibi! Mwanamume akikupa nguo, wala hakutaki, wala hadai ng'ombe, huyo ni ndugu yako au ni mwendawazimu. Nikamwangalia, nikaona ana akili."

Mama alicheka kabla hajajizuia. Bibi hakucheka. Akauliza, "Wewe kaka ngapi?"

"Nilikuwa nao wawili. Sasa watatu."

Mvua ikapiga bati. Nilijua Bibi anayasikia maneno yake mwenyewe, yale ya mkono na uzi, kwa sababu midomo yake ilikuwa inayarudia. Bibi angeweza kumkana mama wa maziwa. Angeweza kunikana mimi, na bila tabu. Lakini kujikana yeye? Huyo mtu hajazaliwa.

Akainuka. Akaenda hadi kizingitini, kizingiti ambacho kwa miaka yote kilikuwa ukuta, akamshika yule mama mkono, na maji yote ya mvua, na tope lote la Nzuguni miguuni.

"Ingia. Shangazi hasimami nje."

Kisha akageuka kwangu na sauti yake ya siku zote: "Na wewe unangoja nini? Leta jani! Leta watoto! Shuka iko wapi?"

Jani la mti wetu mtakatifu Dodoma halipo. Nikakimbia mvuani hadi korongoni, nikachuma jani la mkuyu, nikamwambia Bibi mkuyu ni binamu wa mti wetu. Alilikagua kama noti ya bandia, akalikubali. Wa kushika shuka tukapatikana: mimi, watoto wawili wa mama wa maziwa waliokuwa wakimngoja chini ya upenu, na fundi cherehani, ambaye ana miaka hamsini lakini alisisitiza kwamba leo yeye ni mtoto. Tukambembeza Huyu. Fundi alivuta upande wake kwa nguvu mno, karibu tumpoteze mtoto kabla hajapata jina.

Shangazi mpya, mama wa maziwa, akainama. Alinong'ona sikioni mwa mtoto kitu kirefu, kirefu kuliko jina, na mtoto, mwenye mapafu ya mnadi, akanyamaza. Kisha akalitangaza. Jina sitaliandika hapa, ni lake, atalitoa mwenyewe akitaka. Lilikuwa la mama yake shangazi, mwanamke, alituambia, aliyekuwa na ng'ombe wengi na mdomo mkali, na hakuna aliyewahi kumhamisha alipotaka kukaa.

Bibi alilijaribu. Mara ya kwanza likamteleza. Mara ya pili likakwama kwenye pengo la jino. Mara ya tatu alilisema lote, kwa sauti ya kusikika hadi stesheni, kisha akasema, "Fungueni masanduku."

Baba alikata kamba kwa mkasi ule ule. Mama alitoka na mbegu zake mvuani akaanza kupanda, sari imelowa, bila kumsikiliza mtu.

Tangu siku hiyo hatuna amani. Shangazi anaingia bila hodi, anamkaripia Baba kwa kukonda, anabishana na Bibi kuhusu mafuta ya kumpaka mtoto, na wote wawili wanabishana kwa Kiswahili cha miguu mitatu, kila mmoja akiwa na mguu wake uliopungua. Mlenda sasa unaliwa mezani. Bibi anasema hauwezi kabisa. Anasema hivyo akiongeza.

Na mwezi wa upepo ulipofika tena, shangazi alimpakata dada yangu, akamshika vile vidole, wakanifunga uzi mkono wa kulia. Mkono wangu wa kwanza usio mtupu. Nikatafuta utani wa kusema, sikuupata, shetani wangu alikuwa amelala. Dada yangu akauvuta uzi kinywani, akautafuna kwa meno yake mawili. Haukukatika. Fundo lilikuwa la ndama.