Tundu Kwenye Kabureta ya Baba

"Nani alitoboa hapa?"

Fundi aliniuliza akiwa ameinua kabureta ya pikapu ya baba, kifaa kinachochanganya hewa na petroli, kuelekea mwangani. Kwenye kisahani cha shaba kinachofungua na kufunga njia ya hewa palikuwa na tundu moja, la kupitisha kijiti cha kiberiti. Baba tulikuwa tumemzika wiki tano nyuma, na mimi nilikuwa nimerudi Iringa na shahada ya kemia na tabia ya kubishia kila kitu.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alipenda mashindano ya magari, ingawa aliishia kuyatazama akiwa kando ya barabara. Mwaka mmoja alinunua kemshafti ya gari la mashindano lililopinduka, akaifunga mwenyewe kwenye pikapu yetu. Kemshafti ndiyo inayofungua na kufunga valvu za injini, na ile ya mashindano huziacha wazi muda mrefu zaidi. Tangu hapo pikapu ikisimama ilinguruma kwa kudundadunda, vioo vikitetemeka. Majirani walijua baba amefika kabla hawajamwona.

Alipougua ilikaa miezi bila kuwashwa. Tulipoiwasha baada ya msiba, ilizima kila tulipoachia pedeli ya mafuta. Mama, ambaye analima viazi Kilolo, alisema wazi: "Ikinifikisha Kilolo na kunirudisha, inabaki. Ikishindwa, naiuza." Nilitaka ibaki. Katika mambo yote ya wakati ule, hilo pekee sikulihoji.

Fundi alikuwa rafiki wa baba tangu ujana. Aliisafisha kabureta, akazibua njia za petroli zilizoziba, kisha akaliona lile tundu.

"Tuliache kwanza," alisema. "Baba yako hakuwa mtu wa kutoboatoboa."

"Mzee, redio yake aliifunga kwa waya wa uzio."

"Na iliimba?"

"Iliimba. Lakini hapa hewa inapita wakati njia imefungwa. Hewa ikizidi, petroli inakuwa haitoshi, injini inazima. Ndiyo ugonjwa wetu."

"Unasema kama daktari."

"Una ushahidi gani kwamba alikusudia?"

"Sina, binti yangu." Akacheka kidogo, akafuta mikono. "Chuo kimekufundisha kubisha. Haya, nenda kazibe."

Fundi redio wa mtaani aliliziba kwa tone la risasi ya kulehemu. Nilisimama kando yake nikimwangalia mpaka likapoa.

Kabureta ilipofungwa tena garini, injini ilizimazima mpaka fundi alipozungusha skrubu ya mwendo wa injini na kukifungua kile kisahani sana. Kisha akashika skrubu ya petroli, akaizungusha huku, akaizungusha kule. Mngurumo haukubadilika hata kidogo. Akainama, akaweka mpira mwembamba sikioni, ncha ya pili kwenye mdomo wa kabureta, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Haisikii ninachoiambia," alisema.

Ningepaswa kuuliza kwa nini. Niliuliza kwa nini juu ya kila kitu, isipokuwa hapo, kwa sababu injini ilikuwa inawaka na mimi nilikuwa nimeshinda.

Jumamosi nilimpeleka mama Kilolo. Kwenye tambarare ilikwenda. Kila niliposimama na kutaka kuondoka, ilikohoa na kuzima. Mara ya tatu tulikuwa kwenye mlima, tukaanza kurudi nyuma. Nilikanyaga breki mpaka mama akashuka na kuweka jiwe nyuma ya tairi. Alisimama pale, ameshika kitenge chake kifuani, akiitazama boneti.

"Mwanangu," alisema, "inatosha."

Iliuzwa kwa familia ya wafugaji wa Usangu. Kijana wao mkubwa aliisikiliza, akasema kwa upole watatoa kemshafti ile na kuweka ya kawaida. Mama alimkabidhi funguo kwa mikono miwili. Fundi hakunilaumu, na hilo lilikuwa zito kuliko lawama.

Miaka sita baadaye, kwenye gereji moja Mbeya, nilimkuta fundi mwingine akitoboa kisahani kama kile kwa makusudi. Nikamuuliza. Kemshafti ya mashindano, alisema, inaifanya injini ivute hewa kinyonge ikiwa imesimama. Ukifungua kisahani sana ili isizime, skrubu ya petroli haifanyi kazi tena, na gari linakohoa likiondoka. Ukitoboa, hewa inapita tunduni na kisahani kinabaki kimefungwa.

Nilimpigia mama simu, nikamuuliza kama alijua. Alijua safari za baba tu, hakujua sababu yake. Baba alikwenda mara tatu na kabureta kwa fundi saa wa sokoni, mwenye keekee nyembamba ya kutobolea, na kila mara tundu liliongezwa kidogo. Kila aliporudi alifunga kabureta, akawasha injini, akaweka glasi ya maji juu ya boneti. Mara ya tatu maji hayakumwagika.