Chupa Mbili za Nyanya

Sokoni Lodwar, mama mmoja amefungua furushi la tumbaku mbele yangu, na mara nimepiga magoti tena katika nyumba yetu ya matawi, nimeshika kichwa cha mdogo wangu. Kina moto kama jiwe la jikoni.

Nyanya alitia dawa zote katika mfuko mmoja wa ngozi, pamoja na tumbaku yake, basi kila chupa ilinuka tumbaku. Mbili zilifanana, na dawa zake zilikuwa nyeupe kama maziwa: moja ya homa ya mtoto, nyingine ya minyoo ya mbuzi. Mama alichukua moja, akajaza kijiko.

"Ngoja," nyanya akasema. Akainyakua chupa, akaipeleka mlangoni penye jua.

"Mama, mtoto anaisha!" mama akamfokea. "Hiyo ngumbaru yako ni ya saa hii?"

Wote tulimcheka kwa ngumbaru, mzee mzima kujifunza kusoma, akiandika mchangani kwa kijiti pamoja na wazee wenzake. Sasa kidole chake kilitambaa juu ya maandishi ya muuza dawa, midomo ikitetemeka.

"M... bu..."

Mdogo wangu alifungua kinywa mwenyewe, kwa kiu. Kijiko kilimgusa mdomo.

"Mbuzi! Ni ya mbuzi!" Nyanya alirudi mbio, akakipiga kijiko kikaruka. Dawa ikanimwagikia magotini, baridi.

Asubuhi iliyofuata mama alimbebea nyanya kigoda hadi darasani. Mimi nilibaki nikisugua magoti kwa mchanga.

Mwenye tumbaku ananiuliza kama nanunua. Bado nayasugua.