Mchoro Uliotangulizwa Mbele ya Mtoto

Nuriat wa Kibuli alikuwa na ugonjwa mmoja: hakujua kumkatalia mtu mzima. Kichwa alikuwa nacho, tena kizuri. Kitanda cha joto cha watoto njiti katika zahanati ya mjomba wake, Mzee Wahabi, kiliendeshwa na kompyuta ya ukubwa wa kiberiti aliyoiunda mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kusoma joto la ngozi ya mtoto kila sekunde, kisha kuongeza au kupunguza moto wa hita. Basi. Lakini Mjomba akataka na kioo chenye mchoro wa rangi wa kupanda na kushuka kwa joto, wafadhili waje waone. "Mchoro isikwame, mwanangu," alisema. Nuriat, na adabu zake hizo, akaipa kazi ya kuchora kipaumbele kuliko kusoma joto.

Kompyuta ile ina ubongo mmoja tu. Kazi ya juu isipomaliza, ya chini husubiri. Mchoro ulirefuka kutwa nzima, kuuchora kukazidi kuchukua muda, hadi alasiri hiyo kazi ya kusoma joto ikakosa zamu kabisa. Kioo kiliganda kwenye namba ya zamani, na hita ikazidi kupasha.

"Banange, Nuriat! Mutoto anaungua!" Sista Aloyo, muuguzi wa zamu, alikuwa amemnyanyua mtoto baada ya kumbadilisha nepi. "Na mashine inasema iko sawa!"

Nuriat alitazama kioo, akaelewa papo hapo. Punde hatari ikageuka. Njiti hawezi kujitunzia joto, kitanda kingine hakikuwepo, na mama wa mtoto, ambaye angempasha kifuani, alikuwa bado chumba cha upasuaji. Mtoto alianza kupoa mikononi mwa Sista. Nuriat akafungua laptopu. Kusoma joto akakuweka juu ya kila kitu. Mchoro akaufuta wote.

"Unafanya nini? Wageni iko kwa geti!" Mjomba alifoka mlangoni. "Unataka kuniaibisha?"

"Mjomba, toka."

Hakuwahi kumwambia mtu mzima neno kama hilo. Mjomba akarudi nyuma.

Ili kujaribu, Nuriat akakigusisha kihisi cha joto kwenye kikombe cha chai ya moto. Namba ikapanda, hita ikazima, king'ora cha onyo kikalia. Akakiondoa, namba ikashuka, hita ikawaka.

"Sista, mulaze. Iko sawa sasa."

Sista Aloyo hakusogea. "Hata jana ulisema iko sawa."

Nuriat aliona haya hadi machozi yakamlenga.

Mtoto alitoa kilio hafifu, na hapo Sista akakubali kumlaza. Namba ilipanda taratibu, ikatulia ilipotakiwa kutulia. Wageni wakaingia, wakasifu, wakaaga. Muda wote huo Sista Aloyo alikuwa ameweka kiganja kifuani pa mtoto. Nuriat alivuta stuli akakaa kando yake, na hakuthubutu kumwomba autoe mkono.