Namba Niliyoipiga Picha

Mdogo wangu alipopoteza mimba ya pili, hakulaumu mtu. Alilaumu nyaya. Nyaya kubwa za stima zinapita nyuma ya nyumba yao Misikhu, na mvua ikinyesha zinavuma kama mzinga wa nyuki. Mimi ni fundi wa stima Kitale, kwa hivyo akanipigia.

"Dada, si uko na ile mashine ya kupima? Kuja basi."

Nilikwenda na kipimo changu cha mkononi, kinachosoma nguvu ya umeme na ya sumaku inayozagaa karibu na nyaya. Nilikuwa na haraka. Nilipima chini ya nyaya, nikaingia chumbani, nikakishika juu ya mto wake, kisha nikasogeza simu karibu nipige picha ya kioo cha kipimo. Namba ikaruka. Nikapiga picha, nikamwonyesha. Jioni hiyo alifunga nguo zake akahamia kwa mama mkwe wake, Mabanga. Mumewe akabaki na ng'ombe.

Kurudi Kitale, sikutulia. Mbona namba ya kwenye mto ilizidi ile ya chini ya nyaya zenyewe? Siku ya tatu niliacha chakula mezani, nikaingia katikati ya shamba la mahindi, mbali na waya wowote. Kipimo kilisoma karibu sufuri. Nikaleta simu karibu, kama siku ile. Namba ikaruka vilevile.

Nilimpigia papo hapo.

"Nilikosea. Ile namba ilikuwa ya simu yangu."

"Ati simu? Dada, mimi nimehama nyumba yangu juu ya simu?"

Jumamosi tulikutana Misikhu, mimi, yeye na mumewe. Safari hii simu zote ziliachwa kwa jirani. Nilipopima sumaku, nilikigeuza kipimo pande tatu kila mahali, maana changu husoma upande mmoja tu kwa wakati. Nilipopima umeme, nilikiweka juu ya stuli ya mbao, nikawaambia warudi nyuma, nami nikarudi, kwa sababu mwili wa mtu unavuruga namba. Nilianzia chini ya nyaya, nikaja hatua kumi kumi hadi ukutani, na namba zikazidi kupungua. Nikazima swichi kubwa ya nyumba, nikapima chumba, nikaiwasha, nikapima tena. Jioni watu walipowasha taa na kupika, nikarudia yote, maana stima ikitumiwa sana sumaku nayo hupanda.

Kwenye mto namba ilikuwa ndogo kuliko nyuma ya friji. Nilimwonyesha kiwango kinachoruhusiwa. Namba zote zilikuwa chini yake kabisa. Nilidhani atafurahi.

"Kwa hivyo si waya," alisema.

"Si waya."

"Basi ni mimi."

Nilibaki na kipimo mkononi kama mtu aliyekamatwa nacho. Mumewe alikuwa mlangoni, anazungusha kofia yake.

"Sijui ni nini," nilimwambia, "na mashine hii haijui. Twende hospitali Bungoma tuulize wanaojua."

"Mara ya kwanza waliniambia hii kitu hutokea tu."

"Twende watatu," mumewe akasema. "Na mimi wanipime."

Jumatatu sikwenda kazini. Daktari aliuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza mdogo wangu, akawatoa damu wote wawili. Majibu yalipotoka, kulikuwa na shida moja kwenye damu ya mdogo wangu, ya kutibiwa kwa tembe. Daktari hakuahidi kitu, na mdogo wangu hakumwomba aahidi.

Alirudi kwake. Kitanda alikihamishia ukuta wa mbali na nyaya hata hivyo, nami sikubisha. Anameza tembe zake asubuhi na hunipigia kila Jumapili baada ya kanisa. Akichelewa hata nusu saa, mimi siketi. Nazunguka uwanja wa nyumba yangu, naingia, natoka, hadi nisikie sauti yake.