Kiti cha Katikati

Tarehe kumi na moja Januari mwaka huu tulimpoteza baba yetu, Mzee Wanyonyi. Alifariki asubuhi, kwenye kiti chake, nyumbani Saint Paul, Marekani, redio ikiwa bado inaongea. Siku chache baadaye nilisimama kujaza mafuta kule Bloomington. Kando yangu kijana mmoja alikuwa amechuchumaa akitoa upepo kwenye tairi. Ssss, ndefu, kisha ikaja ile harufu ya upepo uliokaa muda mrefu ndani ya mpira, kama harufu ya kabati la viatu. Nilikuwa sijalia tangu Baba aondoke, na pale pia sikulia. Nilicheka. Kijana akaniangalia, nikamwambia anisamehe, nimemkumbuka mtu.

Nataka niwasimulie nilichokumbuka.

Katikati ya miaka ya tisini tulikaa mtaa wa Phillips, orofa ya pili, nyumba ya vyumba viwili ambayo mabomba yake ya joto yaligonga kama mtu aliyefungiwa ndani ya ukuta. Baba alifanya kazi hospitalini, upande wa Maplewood, zamu ya usiku, kuwaosha wagonjwa na kuwageuza. Mama alikuwa chumba cha kufulia cha hoteli moja karibu na uwanja wa ndege. Kaka yangu Barasa alikuwa na miaka kumi na mitatu. Yeye alitoka Kitale akiwa mkubwa kiasi, Kiswahili chake akaja nacho. Mimi, Nafula, nilikuja nimebebwa mgongoni, na wakati huo nilikuwa na miaka tisa. Nilielewa kila nilichoambiwa, na kila nilichoambiwa nilikijibu kwa Kiingereza.

Kila Jumamosi asubuhi Baba alirudi akinuka sabuni ya hospitali, na badala ya kwenda kulala alikunywa chai, akala mandazi, akaipangusa meza kwa kiganja na kutandaza ramani. Ilikuwa ramani ya kaskazini mwa Kenya, imechanika kwenye mikunjo na kuungwa kwa plasta ya vidonda. Kona moja aliwekea kopo la sukari, ya pili chumvi, ya tatu kikombe chake. Ya nne niliishika mimi kwa kidole.

"Haya, jana tulilala wapi?" aliuliza, kana kwamba kweli tulikuwa njiani.

Kabla ya kuja Marekani Baba aliendesha lori la samaki wakavu, kutoka Kalokol, ukingoni mwa Ziwa Turkana, hadi Kitale. Ziwa lenyewe alilijua pale pa kupakia tu. Kila safari, wakati wapakizi wakipanga magunia, yeye aliutazama ufuo ulivyoendelea kwenda kaskazini, mchanga na mawe meusi na maji ya kijani, bila barabara, bila mti. Halafu aligeuza lori, kwa sababu mzigo haungoji. Sasa, akiwa mbali nao kuliko alivyowahi kuwa, alitaka kujua ule ufuo unaishia wapi.

Mpango ulikuwa hivi. Tungefika Kitale, tuchukue Land Rover ya mdogo wake, Baba Mdogo Simiyu, tushuke hadi kwenye chemchemi zenye mikoma, ile mitende ya jangwani, kusini mwa Kalokol, kisha tufuate maji kwenda kaskazini. Tungelala mchangani. Tungevua ngege kwa chakula cha jioni na mbuta, yule samaki mkubwa, kwa sifa. Tungeendelea hadi njia ikatae.

Baba alikuwa na maneno yake kwa kila jambo. "Maji ya gari kwanza, yako baadaye." "Breki ni ya lami." Na lile alilolipenda zaidi: "Mchanga haubishiwi, unaombwa." Maana yake ni kwamba ukifika penye mchanga mwororo hukanyagi mafuta kwa hasira. Unashuka, unatoa upepo kwenye matairi mpaka yalale kidogo, yawe mapana kama unyayo wa ngamia. Halafu mtu mmoja anatangulia mbele ya gari kwa miguu. Anakanyaga, anasikiliza, anamwita dereva: pita, kushoto, polepole, simama.

Mtu huyo ndiye angekaa kiti cha katikati. Land Rover ya Baba Mdogo, Baba alituambia, ina viti vitatu mbele. Usukani ni wa Simiyu mwenyewe, hampi mtu. Mlangoni atakaa Baba na ramani. Nyuma ni mapipa ya maji na petroli, hata kuku hapati nafasi. Basi kati yangu na Barasa angekwenda mmoja.

Mama yeye alikuwa ameshajitoa. "Mimi samaki namnunua sokoni amekwishakufa," alisema. "Mtanikuta Kitale naongea na watu."

Barasa alikiona kiti ni chake tangu kuzaliwa. Nilipolalamika, kwa Kiingereza changu, alicheka na kumgeukia Baba. "Sasa huyu atamwita Baba Mdogo vipi? Yes please, no thank you? Gari litazama mpaka paa."

Baba hakucheka. Alinitazama vizuri. "Anasema kweli, mama. Simiyu akiwa mchangani haelewi lugha nyingine. Anayeita njia ataita kwa Kiswahili."

Nitawaambia ukweli, ziwa lenyewe sikulitamani sana wakati ule. Sikujua hata jangwa ni nini. Nilitamani kile kiti kwa sababu kilikuwa cha Barasa. Lakini kadiri Jumamosi zilivyopita, na kidole changu kikipanda ule ufuo kidogo kidogo, nilianza kujiona nimekaa pale, bega langu la kulia kwa mtu mzima mmoja na la kushoto kwa mwingine, wote wakisubiri nitakachosema. Nyumbani hakuna aliyekuwa akisubiri nitakachosema. Sasa nilikitaka kiti chenyewe.

Baba akatangaza jaribio. Tungekwenda kufanya mazoezi.

Jangwa la karibu hatukuwa nalo. Tulikuwa na Februari. Maziwa yote ya kule yalikuwa yameganda, na watu waliendesha magari juu yake bila wasiwasi, wakavuta vibanda vyao vya mbao hadi katikati, wakatoboa barafu na kuvua humo. Baba alitazama jambo hilo kwa misimu kadhaa akaona ni mchanga mtupu, tofauti yake ni rangi tu. Pana, peupe, hakuna njia, upepo unachapa, na samaki wako chini.

Tulikuwa na pikapu la zamani lenye kiti kimoja kirefu mbele. Siku hiyo Barasa alikaa katikati, nami mlangoni. Tulipofika ukingoni Baba alishuka, akachuchumaa kwenye tairi la kwanza. Ssss. La pili. Ssss. Hewa ilikuwa baridi kiasi kwamba kile kilichotoka kilifanya moshi. Mzungu mmoja mzee aliyevaa suti nzito ya rangi ya chungwa alitoka kwenye kibanda chake akiwa na kikombe cha kahawa, akasimama kututazama.

Aliuliza tairi zina nini. Baba akamjibu kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba hazina kitu, tunajiandaa kwenda jangwani.

"Jangwa liko upande wa Arizona, rafiki yangu," mzee alisema.

"Langu liko mbele kidogo," Baba alisema.

Barasa alitangulia kwanza. Aliita vizuri, sauti nene aliyoipata mwaka ule ule, mkono juu kama polisi wa trafiki. "Pita, pita, pita. Kulia. Njoo." Pikapu lilimfuata kwa utii. Aliporudi alikaa akakung'uta theluji magotini kama mwenye gari, na hilo liliniudhi kuliko maneno.

Zamu yangu. Nilikuwa nimekariri maneno usiku mzima chini ya blanketi. Nilipiga hatua, nikakanyaga, nikasikiliza. "Pita," nilisema, kidogo sana. Baba aliteremsha kioo. "Nani ameongea? Nimesikia panya." Nikaita tena kwa nguvu, na gari likaja. Gari zima, kwa neno langu. Sijui kama mnaelewa. Nilisahau baridi. Niliita kushoto likaja kushoto. Niliita polepole likaja polepole. Mzee wa suti ya chungwa alikuwa akitembea kando yetu na kahawa yake, kama mtu anayesindikiza harusi.

Halafu mguu wangu wa kulia ukazama. Chini ya theluji palikuwa na maji yaliyotuama juu ya barafu, tope jeupe, na buti langu lilijaa mpaka kwenye kifundo. Nyuma yangu pikapu lilikuwa linakuja. Niligeuka, mikono yote miwili juu, na kikatoka kile kilichokuwa mdomoni.

"Stop, stop, stop!"

Baba alisimamisha gari. Kisha kichwa cha Barasa kikatokea dirishani.

"Kiingereza," alisema. "Ameanguka mtihani."

Nilisimama pale, mguu mmoja majini, nikajua kiti kimekwenda. Baba alishuka, akaja, akachomeka kijiti kwenye lile tope, akatikisa kichwa. Magurudumu ya mbele yangekwama mle mpaka Aprili.

"Gari limesimama?" alimuuliza Barasa bila kugeuka.

"Limesimama, lakini..."

"Nimeuliza limesimama?"

"Limesimama."

"Basi kazi anaijua. Kilichobaki ni maneno, na maneno yanafundishwa." Akainama mpaka macho yetu yakawa sawa. Alivua soksi yake moja kavu, akanivalisha, akafunga mfuko wa nailoni juu yake kabla ya kurudisha buti. "Ukimkuta mamba, mama, usimwambie stop. Mamba wa Turkana hakusoma. Haya, tutafutie njia nyingine."

Nikatafuta. Niliita mpaka sauti ikakauka. Simama, rudi, kushoto, hapo hapo. Tulifika mahali ambapo mzee wa suti ya chungwa alikuwa na shimo tayari, akatuachia. Tulivua samaki wadogo wenye mistari, Barasa akashika mmoja mkubwa na akasahau kununa. Wakati wa kuondoka Baba alifungua mlango, akasimama kando.

"Barasa, dirishani. Nafula, katikati."

Ndipo alipokumbuka kwamba pampu ya upepo ameiacha nyumbani. Tulirudi mjini matairi yamelala, polepole kuliko baiskeli, magari yakitupigia honi, na Baba akiimba.

Wale samaki aliwapasua, akawatia chumvi, akawaning'iniza kwenye mabomba ya joto wakauke kama wa Kalokol. Harufu ilishuka ngazi mpaka kwa jirani wa chini, na Mama akawatupa wote siku ya tatu bila kuomba ruhusa.

Kiti kile hakikukaa kwangu. Barasa alikidai, nikakikomboa, akakidai tena. Baba aliongeza mitihani: kumuuliza njia mwenye duka wa mji wa Lodwar, ambaye alikuwa ni Mama amejifunga kanga kichwani, na kueleza namna ya kumtoa mbuta kwenye ndoana. Tuligombania kiti hicho misimu mingi, mpaka Barasa akaota ndevu, na siku moja nikagundua tunagombana kwa Kiswahili hata Baba akiwa kazini. Safari yenyewe haikufanyika. Kila mwaka kulikuwa na jambo. Land Rover ilibaki Kitale, nasi tukabaki na ramani.

Mwezi huo huo wa Januari tulimpeleka Baba nyumbani, tukamzika Kitale kando ya wazazi wake. Baada ya watu kupungua, Baba Mdogo Simiyu alitupeleka kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba. Land Rover ilikuwa humo, kama ilivyosimuliwa, viti vitatu mbele. Akafungua mlango wa nyuma. Kulikuwa na mabenchi mawili marefu yanayotazamana, ngozi imepasuka kwa kukaliwa.

"Haya uliyaweka lini?" Barasa aliuliza.

"Niliyaweka? Lilikuja nayo. Tukienda harusi linabeba watu kumi na mbuzi."

Barasa alishika nguzo ya banda akacheka mpaka akainama. Wanawake waliokuwa jikoni walidhani analia wakaja kumshika. Nilimtazama Mama.

"Ulijua?"

"Nilijua," Mama alisema. "Ningewaambia ili iweje? Nilikuwa na watoto wawili wanaongea Kiswahili asubuhi mpaka jioni. Kwa hasira, lakini Kiswahili."

Nimelifikiria jambo hilo sana. Nilipokuwa mtoto niliamini kile kiti ni kimoja na kwamba nikikikosa nitaachwa. Baba alikuwa ametuwekea nafasi wote tangu siku ya kwanza, hata Mama, hata mbuzi. Kiswahili ninachoandikia haya sikukisomea popote. Nilikipata nikigombania mahali ambapo hapakuwa na upungufu.

Wiki iliyofuata Baba Mdogo alisema matairi bado mazima, tushuke tukaone hilo ziwa. Mama, wa samaki wa sokoni, ndiye aliyefika garini wa kwanza, akakaa mlangoni, mahali pa Baba. Mimi na Barasa tulipanda nyuma, kila mtu benchi lake. Kiti cha katikati Mama alikiwekea kikapu cha mandazi.

Kupita zile chemchemi, lami ikiwa imeshasahaulika, Baba Mdogo alisimamisha gari, akashuka, akachuchumaa. Ssss. Harufu ikaja mpaka nyuma. Aliporudi aligeuza shingo.

"Nani anaita njia?"

Barasa alinitazama. "Shuka wewe," alisema. "Na usituletee Kiingereza."

Nilivua viatu nikatangulia. Mchanga ulikuwa wa moto, na kushoto ulikuwa mwororo, kwa hiyo nikakata kulia, karibu na maji. Nilikanyaga, nikakanyaga tena. Niliinua mkono.

"Pita," niliita, na gari likaja.