Jiwe Jeusi Kwenye Kichanja

Kaka yangu alipofungua duka la mabamba ya mawe ya sakafu na makaburi hapa Ifakara, kazi aliyonipa ilikuwa moja: nichague vichanja vya kuyaonyeshea. Nilikuwa nimetoka kukata mawe Dodoma. Kabla ya hapo nilikuwa Kidatu kwenye miwa, na kabla ya hapo sehemu nyingi ambazo sikupiga simu kutokea huko. Miaka tisa. Niliporudi nilikuta mama ameshazikwa, na mimi mwenyewe nimeshafanyiwa matanga.

Nilianza kuhisi hivyo kwenye salamu. Nikimwamkia mtu mzima, ile marahaba ilichelewa. Alinitazama miguu kwanza, halafu ndipo akaitikia.

Kaka alinieleza siku tunapima ukuta wa duka.

"Tulisubiri, mdogo wangu. Mwisho mama akachoka. Watu walilala nje siku tatu, tukanyoa nywele. Nguo zako wakagawana wajomba. Lile koti lako la bluu analo mjomba mpaka leo, na usimdai, limeshamkaa."

Alicheka, nami nikacheka. Halafu tukaendelea kupima.

Mabamba yalikuja kwa lori, yakaegemezwa ukutani kwa muda. Fundi wa kuchomelea alitutengenezea vichanja vitatu vya majaribio. Cha kwanza kilikuwa kama kichanja cha vyombo: jiwe linachomekwa wima, unaona ukingo tu. Cha pili kilikuwa kama herufi A, mawe yanaegemea pande zote mbili, na ukitoa la upande huu sharti utoe na la upande ule, kisije kikakuangukia. Cha tatu kilikuwa meza fupi ya chuma ambayo jiwe hulala juu yake. Hicho cha tatu kaka alikiita kitanda, na ndicho alichokipenda. Alisema mteja anataka kupapasa.

Kwenye kile cha A nililiweka jiwe jeusi, likitazama mlango. Halikuwa wazo zuri. Jiwe likiegemea vile, mtu anayeingia hujiona anakuja, ila huyo anayekuja amelegea kwa nyuma, kama mtu aliyeegemezwa na wenzake. Wateja wawili waliishia kizingitini. Asubuhi za unyevu mawe yote hutoka jasho, na sababu naijua: jiwe limepoa usiku, hewa ya bonde ina maji. Lakini hilo jeusi lilikauka la mwisho kila siku, hata nilipoligeuza lipate upepo.

Ndipo akaja mama mmoja kutoka kijiji cha Mbingu, ameletwa na shemeji yake, mdogo wa mumewe. Yule shemeji ndiye aliyeeleza. Kaka yake, mume wa huyu mama, alivuka mto kwenda kulinda mpunga, msimu wa juzi. Walipomfuata walikuta dungu lake la kulindia, blanketi limekunjwa, sufuria ina wali nusu, panga limetundikwa. Mtu hayupo. Walitafuta mpaka mpunga ukavunwa. Sasa ukoo umekaa na kuamua: kaburi limechimbwa nyumbani, nguo zake zitazikwa humo ndani ya sanduku, na juu litalazwa jiwe lenye jina lake kabla ya mvua.

"Shemeji achague mwenyewe," alisema. "Asije akasema tulimlazimisha." Akaenda sokoni.

Kaka akampeleka yule mama kwenye kitanda.

"Mama, hili hapa halichuji rangi. Na linalala vizuri juu ya saruji."

"Ndicho nisichokitaka."

"Rangi?"

"Kulala."

Akanigeukia mimi. "Wewe ndiye yule waliyemlia?"

"Ndiye huyo, mama," kaka akadakia. "Tulimlia bure. Sasa hivi anakula kuliko nyumba nzima."

Hakucheka. Nilimwambia shikamoo, akanishika mkono, akawa anabonyeza kiganja changu kama anayepima parachichi. Hakuuachia.

"Walipokuwa wanakulia, ulisikia nini?"

Nilitamani kumpa kitu. Ndoto, kizunguzungu, jina langu likiitwa kwenye upepo. Sikuwa nacho.

"Sikusikia, mama. Nilikuwa Dodoma. Labda siku hiyo nilikuwa nakula."

"Na kama wangekuwekea jiwe?"

"Nisingejua pia."

"Ungerudi?"

Lori la magogo likapita barabarani, na mabamba yote yakavuma kwa chini, jinsi yanavyovuma. Nilirudi kwa sababu mtu mmoja wa huku Mkula aliniambia kwamba mama amefariki. Kwa hiyo sijui.

"Sijui, mama."

"Mtu akirudi akute jina lake limelala juani, ataingia nyumba gani? Mimi ningekuwa yeye ningegeuza nirudi nilikotoka."

Akaenda mbele ya lile jeusi. Alijitazama kwa muda. Halafu akasogea kushoto kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi. Nilitazama ndani ya jiwe. Nilimwona yeye, nikajiona mimi, na mwanga wa mlango. Nafasi aliyoiacha ilikuwa tupu. Nilitazama tena.

"Hili limesimama," alisema. "Liache hivyo. Shemeji yangu akiuliza, mwambie sijapata rangi."

"Mpaka lini, mama?"

"Wewe ulikaa miaka mingapi?"

"Tisa."

"Basi tutahesabu."

Kaka alinuna. "Hapa ni dukani, si kituo cha kutangazia waliopotea." Lakini nilimwagiza fundi vichanja vya A, vyote. Nilimwambia kaka kwamba kitanda kinakusanya vumbi na kinakula nafasi, na hayo yalikuwa kweli.

Mwezi ulipita. Mawingu yalianza kukaa juu ya milima, na shemeji akaja peke yake asubuhi.

"Bado hajachagua?"

"Bado."

"Mvua hiyo inakuja. Shimo liko wazi, kuku wanaingia." Alizunguka vichanja vyote, akasimama kwenye jiwe jeusi. "Hili lina mwenyewe?"

"Lina mwenyewe."

"Nani?"

"Hajaja kulichukua."

Alitaka kunijibu kwa ukali, niliona. Lakini alikuwa ameshajitazama. Walifanana sana, nilikuja kuambiwa, yeye na kaka yake; hata mabega. Alivua kofia taratibu, na yule wa ndani akavua. Akasema kwa sauti ndogo, "Shikamoo, kaka."

Kaka yangu mimi alikuwa mezani nyuma yetu, naye hakuitikia. Yule bwana alisimama akingoja, kofia mkononi, muda ambao mtu mzima huchelewa kuitikia. Kisha akatoka bila kuaga.

Wiki iliyofuata mama wa Mbingu alikuja kwa basi. Alisema shemeji yake mwenyewe amelifukia shimo, halina kitu ndani, na sanduku la nguo limerudishwa chumbani, upande wa mlango.