Alizeti Zisizochomwa

Kusafisha kiwanja kile kumenimalizia baiskeli, beberu mmoja na misimu miwili ya kulima. Nimehesabu mara mbili, hesabu haikupungua.

Nilikinunua hapa Rumonge, kando ya ziwa, kwa fundi wa mashine za mitumbwi ambaye pia alikuwa akivunja betri za zamani. Nilimshusha bei mpaka akanuna, nikajiona mjanja. Mke wangu alitaka bustani ya lengalenga, mchicha wetu wa huku. Alipounusa ule udongo uliolowa dizeli, aliniuliza kama nimenunua shamba au tangi la mazutu.

Mdogo wake amesomea mambo ya udongo. Akaja, akachimba, akakunja uso.

"Shemeji, mazutu tutawaachia bakteria. Leta mavi ya ng'ombe, changanya, mwagilia, geuza. Watayala polepole. Lakini risasi, ile sumu ya betri, hailiwi na kitu. Panda alizeti, mizizi iivute, kisha ung'oe zote. Usile, usilishe mbuzi, usichome."

"Misimu mingapi?"

"Mingi."

"Nipunguzie."

"Ongea na udongo."

Basi baiskeli ikageuka mavi ya ng'ombe, na beberu akageuka vibarua. Harufu ikapungua kweli. Alizeti zikasimama, wapita njia wakasifu, nami nikanyamaza. Mchuuzi hatangazi ubovu wa mali yake. Zilipokauka nikazifunga mafungu, nikayapanga nyuma ya nyumba, shemeji akitafuta pa kuyapeleka. Tangu hapo sikutulia. Mbuzi akilia, natoka. Mvua ikinyesha, natoka. Mke wangu akasema afadhali ningeoa hayo mafungu.

Juzi mafungu matatu hayakuwepo. Nikahesabu tena. Ng'ambo ya ua, jirani yangu, mama anayekamua mawese, alikuwa akichochea moto chini ya pipa la chikichi.

"Amahoro, papa! Kuni zako ziko nzuri. Niliona iko takataka tu, nikakupunguzia kazi. Murakoze sana."

"Na majivu, mama?"

"Nimemwaga kwa lengalenga. Zitanona, utaona!"

Lengalenga hizo ndizo tunazonunua sisi karibu kila jioni, maana zetu bado haziruhusiwi kupandwa. Ndizo pia zinazowalipia wajukuu wake minerval, ada ya shule.

Nikamweleza yote, mazutu na risasi, na kwamba risasi haiungui, hubaki kwenye majivu. Moto ulikuwa unamfia, hakuugusa.

"Ulijua tangu siku ya kupanda?"

"Nilijua."

"Na kila jioni unakuja kunishusha bei ya mboga. Sasa bustani yangu utanirudishia na nini, papa?"

Nimempigia shemeji, hapokei. Mama hachumi, hauzi, na mvua iko juu ya milima. Wewe msomaji unayejua udongo, niambie upesi: tuukwangue wa juu kabla haijashuka, na tukiukwangua tuupeleke wapi? Au nikapande alizeti kwake pia?